Mama Manjit, Nimemtaja Mauwa

Mama Manjit,

Ningekuwa na kaburi lako la kwendea, nisingehangaika na kalamu. Kwetu Fizi, ng'ambo ya ziwa ukitokea Kigoma, mtu akifa unajua alipolala. Unang'oa majani, unakaa pembeni, unamweleza habari za nyumbani mpaka moyo utulie. Wewe walikuchoma, kama desturi yenu ilivyo, na Manjit akaniambia majivu yamepelekwa India kumwagwa mtoni. India! Wewe uliyezaliwa Kisumu, ukafundisha Nakuru, ukazeekea Sparkhill hapa Birmingham, na uliyesema kila ukienda India kwa harusi za watu unarudi na tumbo la kuendesha. Nilipofikiria hilo nilicheka peke yangu kwenye basi, halafu nikalia, na mama mmoja wa Kijamaika akanipa karatasi ya kufuta machozi bila kuniuliza kitu.

Kwa hiyo nakuandikia. Sijui barua hii nitaiweka wapi. Labda ndani ya sufuria yako ya chai, maana Manjit alinipa niichukue na mpaka leo sijathubutu kuipikia.

Habari kubwa ipo, lakini nitaanza na ndogondogo. Wewe mwenyewe ulinizoesha nisikimbilie mwisho. Mwanangu Riziki amerefuka, ananifika begani, na bado namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Yule mwenye duka la vitambaa Stratford Road aliniuliza mama wa kubishana bei yuko wapi siku hizi. Nilipomwambia, akazima redio. Na maktaba wamenunua mashine mpya ya kunakili. Haikwami hata kidogo, na mimi naichukia.

Maana ile ya zamani ndiyo iliyotukutanisha. Nilikuwa nimekaa maktaba baada ya darasa la Kiingereza, naota joto kwa sababu nyumbani Newtown hita ilikuwa imekufa, nikasikia sauti nyuma ya rafu: "Wewe mashine mjinga kabisa! Mimi nabonyeza, wewe nalala!" Nikageuka nikitegemea kuona mtu wa kwetu. Nikaona mama wa Kihindi, mvi zimefungwa nyuma, koti la sufu limevaliwa juu ya shalwari, anapiga mashine makofi. Nilicheka mpaka ukanigeukia. "Wewe nasikia Kiswahili?" ukaniuliza, na kabla sijajibu ukawa umeshanitwika furushi la karatasi nikushikie. Tangu siku hiyo sikumbuki kukaa mbele yako mikono mitupu.

Ulikuwa mwaka ule wa elfu mbili na saba, mji umejaa mabango ya ukumbusho, miaka mia mbili tangu Bunge lao lipige marufuku biashara ya watumwa. Wewe mwalimu wa historia, uliyestaafu kazi lakini si ualimu, ukaona mabango yote yana picha za wabunge. Ukachukia. Ukasema watumwa wenyewe waliandika maisha yao, wengine kwa mkono wao, wengine kwa kumsimulia mwenye kalamu, na vitabu hivyo vikasomwa na watu wa kawaida sebuleni kwao, na watu hao ndio waliowasumbua wabunge mpaka wakasikia. Ukaanzisha kikao cha kusoma pale maktaba, alasiri, kwa yeyote anayetaka. Walikuja wastaafu wa Kiingereza, Wajamaika wa rika lako, na mimi niliyefuata joto na biskuti.

Kiingereza cha vitabu vile kilinishinda. Ndipo ukaanza kunichukua baada ya kikao, unanipeleka jikoni kwako, unabandika sufuria hii hii, unanisomea upya kwa Kiswahili chako cha Kisumu ambacho, nisamehe mama yangu, kilikuwa kinaokoteza ngeli popote kinapozikuta. "Kitabu hii iko na uchungu sana. Lakini sikiza vizuri. Yeye halii." Ndivyo ulivyonifungulia kile cha kwanza.

Mimi wakati ule nilikuwa natembea na barua ya kukataliwa kwenye mkoba. Nilikuwa nimeomba hifadhi, wakanihoji, wakaniandikia kwamba hawaniamini. Walisema maelezo yangu ni mafupi mno, hayana undani, na mtu aliyepitia mambo niliyodai nimepitia hawezi kuyasimulia hivyo. Nilikuwa nimebakiza rufaa tu. Nikishindwa, mimi na Riziki tungerudishwa. Nilikuwa nimeisoma barua ile mpaka nikachanganyikiwa, kwa sababu kila nilichosema kilikuwa kweli. Nilikisema vilevile nilivyokisema miaka yote, na popote nilipokisema watu walisimama wakapiga vigelegele.

Wewe ndiye uliyegundua. Ulinifuata Jumapili moja kanisani kwetu Erdington, ukakaa nyuma na mtandio wako kichwani, ukasikiliza watu wakitoa ushuhuda.

Ushuhuda kwetu una njia yake. Unasimama, unasema "Bwana asifiwe," watu wanaitika "Amina." Unataja shida yako kwa kifupi, maana ukikaa sana kwenye shida utaonekana unamtukuza shetani. Kisha unafika haraka pale Mungu alipokutoa, na hapo ndipo unapopandisha sauti, ngoma zinaingia, wamama wanakushika mkono. Aliyebaki nyuma hana nafasi kwenye ushuhuda. Ukimtaja, utawapoza watu na ibada itasimama. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusimulia maisha yangu tangu kambi ya wakimbizi Kigoma, na hivyo ndivyo nilivyomsimulia yule afisa aliyenihoji. Aliponiuliza yaliyotokea msituni nikamjibu kwa moyo wote: tulikamatwa na watu wenye bunduki, tukateseka, lakini Mungu ni mwema, nikatoka. Akaandika. Nilitoka pale nikiamini nimejibu vizuri ajabu.

"Faida," uliniambia jikoni, "wewe nasimulia kama mtu nashukuru." Ukanieleza kwamba wale wa vitabuni nao walikuwa watu wa dini, wanamshukuru Mungu karibu kila ukurasa. Lakini wakimaliza kushukuru wanarudi walipotoka, wanamshika msomaji mkono, wanamwonyesha. Hapa ndipo mama yangu aliposimama nilipouzwa. Hiki ndicho tulichokula. Huyu ndiye aliyepigwa, na alipigiwa hiki. Msomaji wa London au wa mji huu alikuwa ameshasikia hotuba nyingi kwamba utumwa ni mbaya, zikapita sikio hili zikatokea lile. Mama anayeshika nguo ya mtoto wake mnadani hakupita. Alibaki naye mezani.

Halafu ukaharibu. Ukasema, kwa sauti yako ileile ya darasani: "Wewe pia ulikuwa mtumwa, Faida. Wao nabebesha wewe mizigo, hapana lipa, ukikimbia napiga risasi. Hiyo inaitwa nini?"

Niliondoka bila kumaliza chai. Nadhani hukujua ulichosema. Kwetu neno hilo ni tusi la ukoo. Misafara ya pembe za ndovu ilipita kwetu enzi za mababu, ikachukua watu, na Kiswahili chenyewe ninachokusemesha kilifika huko kwa njia hiyohiyo. Mpaka leo ndoa zinavunjika kwa sababu mtu amenong'ona bibi wa bwana harusi alinunuliwa. Na wale wa kwetu waliobebeshwa pembe hawakuacha vitabu, au kama kuna walioandikwa, sikuwahi kukutana nao. Waliacha kunong'onwa tu. Nami ukaniingiza humo, huku unakoroga kikombe. Nilikuchukia, Mama Manjit. Vikao viwili vitatu sikuja, na simu yako sikuipokea.

Ulikuja mwenyewe Newtown. Lifti ilikuwa mbovu, ukapanda ngazi na goti lako lile, ukafika mlangoni huwezi kusema, umebeba dengu na chapati ndani ya taulo. Pumzi iliporudi neno la kwanza likawa "Lifti mjinga." Hukuomba radhi, na mimi sikukukaribisha kwa uzuri. Ulikaa, ukatoa kitabu kwenye mfuko wa plastiki, ukakifungua mwanzo kabisa. "Angalia. Hapana anza na mnyororo. Anza kwao."

Ukanisomea. Kijiji cha yule mwandishi, namna wanavyolima, namna wazee wanavyoamua kesi, mama yake alivyompenda kuliko wenzake kwa kuwa alikuwa kitinda mimba. Kurasa na kurasa kabla hajatokea mtu wa kumkamata. Nikakuuliza mbona anazunguka hivyo, Waingereza walitaka kusikia habari za meli. Ukasema ndiyo maana hasa. Alikuwa anawafanya waishi naye kwao kwanza. Kwa hiyo alipokamatwa, hawakusoma habari za mtumwa aliyekamatwa. Walisoma habari za mtoto wa watu wanaowajua, aliyeibwa. Walimfanya mtumwa, lakini mtumwa halikuwa jina lake, na hilo alilithibitisha kwa ukurasa wa kwanza tu.

Nilikula chapati zako. Nafikiri hiyo ndiyo ilikuwa radhi yako, na mimi niliipokea.

Baada ya hapo tukawa kama watu wenye kazi. Unasoma, nasikiliza, kisha unafunga kitabu na kuniambia, "Sasa wewe. Kwenu." Nikiruka unanirudisha. Nikisema tuliteseka sana unagonga meza: "Sana iko kubwa kiasi gani? Mimi hapana ona. Onyesha." Nilikuwa naona unanitesa. Siku nyingine ulinichekesha mpaka chai ikanipalia, kama ile siku uliponieleza kuhusu wanawake wa mji huu huu wa Birmingham, waliopita nyumba kwa nyumba wakiwaomba majirani waache sukari iliyolimwa na watumwa, huku wanaume wa mji huu huu wakifua minyororo na kuunda bunduki za kupeleka Afrika. Unasimulia kwa machozi kabisa, na mkono wako unaongeza sukari kikombeni, ambayo daktari alikukataza. Nilipokutazama ukasema, "Hiyo ilikuwa ingine."

Kitu kimoja kilinikera, nacho ni zile barua za mwanzoni mwa vitabu. Mzungu fulani mheshimiwa anaandika kwamba anamfahamu mwandishi, kwamba ni mtu mkweli, aaminiwe. Mtu ameibwa, amechapwa, amejinunua kwa jasho lake, amejifunza kuandika kwa kujificha, halafu anahitaji jirani wa kumthibitishia kwamba aliumia! Nilisema mimi singekubali. Ukanitazama juu ya miwani. "Wao hapana penda pia. Wao napenda mlango ifunguke." Wiki ileile ukaniandikia barua yako kwa jaji: mimi mwalimu mstaafu, mkazi wa Sparkhill, namfahamu Faida. Ulinung'unika kila mstari. Ninayo nakala.

Na yule mwandishi mwanamke wa visiwa vya upande wa Jamaika, uliyempenda kuliko wote. Ukifika mahali fulani kwake sauti yako ilikuwa inashuka. Anasimulia kila kitu, kuvuna chumvi, viboko, ndui, halafu kuna mambo ya bwana aliyemmiliki anayagusa kwa ncha ya kidole na kuondoka. Ulisema wanawake wengi wa vitabu vile walifanya hivyo. Waliacha mlango umefungwa, lakini mlango ukaonekana, na msomaji mwenye akili alijua ndani kuna nini. Hukuniambia kwa nini unanisomea hapo mara kwa mara. Nilielewa. Asante kwa kutoniuliza kamwe.

Ila ulichouliza ni kingine.

Nilikuwa nimefika njiani, msituni. Nilikueleza mzigo: masanduku ya risasi yamefungwa kwa kamba za mti, yakaning'inizwa kwenye gogo la mwanzi, linabebwa mabegani. Nilikuonyesha kovu. Ulilitazama, ukalishika kwa kidole chenye masala, kisha ukachukua mwiko wako mrefu ukaulaza begani kwangu, mwisho wake ukaelea hewani katikati ya jiko.

"Upande ingine," ukasema, "nani iko?"

Sikuwa nimemtaja Mauwa kwa sauti tangu tulipovuka ziwa. Hata Riziki, niliyemzaa kambini, hakujua nina mdogo wangu. Nilikuambia, ukiwa bado umeshika mwiko. Mauwa alikuwa mbele, mimi nyuma, kwa hiyo safari nzima nilikuwa naangalia shingo yake na misuko niliyomsuka mwenyewe juzi yake kwa ajili ya kuimba kwaya. Alikuwa na tabia ya kugeuza kichwa kunichungulia, wakimkemea anageuka, kisha ananichungulia tena. Kwenye mto wakatugawa. Wengine tukasukumwa majini na mizigo, wengine wakapandishwa kilimani. Mwanzi ukachukuliwa na wanaume. Risasi zilipoanza kulia ng'ambo, sisi wa majini tukaachia kila kitu tukaenda na maji. Ndipo Mungu aliponitoa, na ndipo ushuhuda wangu ulipokuwa unapata ngoma. Mauwa alikuwa amebaki kilimani.

Uliweka mwiko chini. Ukasema "hai, hai," kilio cha kwenu, ukanishika kichwa ukakilaza tumboni kwako, unanukia bizari na sabuni.

Wakili wetu, yule kijana wa tai iliyolegea, nilipomweleza aliweka kalamu mezani. Alinionya kwamba nikimtaja Mauwa sasa, upande wa serikali watauliza alikuwa wapi kwenye maelezo ya mwanzo, na mtu anayeongeza ndugu dakika za mwisho huonekana ametunga. Naweza kuangusha rufaa nzima kwa jina hilo moja. Hakuniambia nimfiche, alinitaka nijue ninamoingia. Mama Pasta ndiye aliyesema waziwazi: "Faida, usiongeze maneno ingine saa hii. Bale bazungu batasema uko nadanganya. Sema Mungu alikuokoa, basi." Nikaja kwako nikitegemea utaniamulia. Ukakataa. Ukasema utakuwepo siku hiyo, kiti cha nyuma, na nitakalosema utaitika kwa kichwa.

Haikuwa hivyo. Manjit alinipigia asubuhi moja, baridi imekaza, akasema ni moyo wako. Sikumwelewa. Nilimwomba arudie, nikamkatia simu, nikampigia tena kumwomba radhi. Kwenye gurdwara, hekalu lenu, nilifunika kichwa kama nilivyoona wengine wakifanya, nikakaa chini na wanawake, nikasikiliza nyimbo nisizozijua. Wakatulisha dengu. Dengu ya watu wengi, nzuri, lakini hainipi ladha ya kwako. Jirani yako mmoja akaniuliza tulikuwa tunajuana vipi. Nikasema tulikuwa tunasoma.

Sasa habari kubwa.

Jaji alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi nyeupe na uso usiocheka. Mkalimani alikuwa Mtanzania wa Moshi, suti imenyooka, Kiswahili chake kimepigwa pasi kuliko suti. Nyuma walikaa Pasta, Mama Pasta, dada wawili wa kwaya, na Riziki aliyekataa katakata kubaki kwa majirani. Kiti cha pembeni kabisa hakikuwa na mtu. Sikukiweka mimi kwa ajili yako, kilikuwa hivyo tu, lakini nilikiangalia.

Nilimtaja. Nilipoulizwa tulikuwa nani na nani nikasema mimi na mdogo wangu Mauwa. Nyuma nikasikia kiti kikilia. Yule wa serikali akasimama palepale, akafungua maelezo yangu ya mwanzo, akauliza kama wakili alivyotabiri. Huyu Mauwa alikuwa wapi siku ya mahojiano? Nikajibu ukweli: siku ile nilitoa ushuhuda. Mkalimani akatafsiri, jaji akakunja uso, haelewi. Nikajaribu kueleza, nikajikanyaga. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo, hata mimi nilijisikia. Nikakumbuka meza yako ikigongwa. Onyesha.

Nikaomba ruhusa nisimame nionyeshe. Jaji akakubali. Nikavuta pumzi, nikasema kama Jumapili: "Bwana asifiwe!"

"AMINA!" akaitika mkalimani.

Na nyuma, Pasta na Mama Pasta na dada wa kwaya, kwa nguvu zao zote, na Riziki pia, "Amina!"

Mama Manjit, ungekuwepo ungeanguka. Mkalimani alijifunika mdomo kwa mkono. Jaji akamuuliza amesema nini, na yule kaka wa watu akajieleza kwa aibu kwamba anaomba msamaha, amelelewa hivyo, ukisikia lile neno lazima uitike, huwezi kujizuia. Jaji hakucheka. Aliandika, akaandika tena, kisha akaniashiria niendelee.

Nikatoa ushuhuda wangu wote kama nilivyoutoa miaka yote, mfupi, shida kidogo, wokovu mwingi. Nilipomaliza Mama Pasta akawa ameanza kuinua mkono. Nikakaa. Nikamwambia jaji: hicho ndicho nilichomsimulia afisa, na Mauwa hamo kwa sababu hakuna mahali pake humo. Sasa naomba nianze tena.

Nikaanza kwetu. Shamba la mihogo la mama, namna Mauwa alivyokuwa anaiba miwa na kuninyooshea mimi kidole. Kwaya. Misuko. Kisha mwanzi, na shingo yake. Sikulia, maana ulinifundisha nisiwalilie watu kabla hawajaona. Walipouliza ya kambini kwa waliotukamata nikasema, hapo nafunga mlango, mlango wenyewe mmeuona, inatosha. Yule wa serikali alitaka kuendelea, jaji akamkatiza.

Tulipotoka Riziki alitangulia mbele yangu mpaka kituo cha basi. Nilijua ana hasira. Halafu akasema, "Mum, so I've got an auntie?" Nikamwambia kwetu si auntie, mdogo wa mama ni mama mdogo. Akalirudia kimoyomoyo, nikaona midomo yake inacheza.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki za kutolala. Wakili alipiga simu kwanza, sikumbuki alichosema, nakumbuka nilikaa sakafuni jikoni. Karatasi yenyewe ilipofika nilimpa Riziki anisomee, na nikamwambia safari hii sitaki Kiingereza. Alilalamika, kisha akaanza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, anasimama kila mara kunitazama kama amepatia. Jaji anasema ananiamini. Anasema anakubali kwamba mwombaji alikuwa na mdogo wake aitwaye Mauwa, aliyekamatwa pamoja naye, na kwamba hajulikani alipo. Tunabaki. Nimebaki, Mama Manjit.

Lakini ninachotaka ujue ni kingine. Mauwa hakuwahi kuandikwa popote. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, shuleni hakufika, kadi yake ya ubatizo iliungua na kanisa. Mtu akisema hajawahi kuwepo, sikuwa na cha kumwonyesha. Sasa ameandikwa, kwa herufi za mashine, katika mji uliofua minyororo. Nilimwomba Riziki aniwekee kidole kwenye jina, nikaliangalia.

Ndipo nilipokumbuka ulivyokuwa ukinisomea mwisho wa vitabu vile. Mwandishi ameshakuwa huru. Ana karatasi yake mkononi, anaweza kushukuru na kufunga. Hafungi. Anageuka kumtazama msomaji na kumwambia wenzangu wako kulekule, saa hii, unaponisoma. Hapo ulikuwa unagonga meza mpaka vikombe vinaruka: "Hapa. Hapa ndiyo kitabu nafanya kazi." Ukasema kingeishia kwenye uhuru wake, msomaji angefurahi, angekifunga, akaongeza sukari kwenye chai yake. Nilikuitikia kwa kichwa siku hizo. Nimeelewa sasa, na wewe huko uliko hutapata nafasi ya kunitambia.

Kuna watu ambao kazi yao ni kutafuta ndugu waliopoteana vitani. Zamani niliogopa kwenda popote penye meza na afisa. Nimeshaomba siku ya kuonana nao, na nikiwasimulia nitaanza na kwetu.

Jumapili hii ni zamu yangu kanisani. Wamejiandaa, Pasta ameshatangaza kwamba dada Faida amepata makaratasi, na kijana wa ngoma amekaza ngozi mpya. Asubuhi, kabla ya treni ya Erdington, nitabandika sufuria yako nipike chai kwa mara ya kwanza, nimimine vikombe viwili, chako nitakitia sukari yote unayoitaka.

Kwaheri, mama yangu. Pumzika, hata kama ni katika mto wa watu usiowazoea. Wasemeshe Kiswahili, watakuzoea.

Na hili nakuahidi. Nitasimama mbele ya wote, nitasema Bwana asifiwe, wataitika. Nitashukuru, kwa maana nina cha kushukuru. Ngoma zitaingia, watanishika mkono wanirudishe kitini. Sitakaa.

Faida,
dada yake Mauwa